Kikao cha asubuhi kipo, kazi haiendi: jinsi ya kutafuta tatizo lilipo kwenye saiti

Saiti nyingi za Kigoma siku hizi zina kikao cha asubuhi. Watu wanasimama duara karibu na stoo, fomeni anaongea, wanaitikia, kila mtu anashika chepe lake. Ikifika saa nne mafundi wawili wamekaa juu ya tofali wanasubiri mchanga. Mwenye mradi akipita muda huo anachokiona ni uvivu. Fomeni naye kesho yake anarefusha kikao na kuongeza ukali, na saa nne inawakuta watu palepale.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya fomeni, injinia kijana, fundi mkuu wa mradi wa fosi akaunti (ule ambao taasisi ya umma inajenga yenyewe kwa kutumia mafundi, bila mkandarasi), na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule au zahanati ambaye anaona fedha zinaisha na boma halijafika lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha. Nimeupanga kwa dalili, kwa hiyo unaweza kuruka hadi ile inayofanana na ya kwako. Ila jambo moja nalisema mapema kwa sababu litajirudia: maneno yanayosemwa kwenye duara hayaongezi kazi. Kazi inaongezeka pale kikao kinapoibua kizuizi mapema, na kizuizi hicho kikapata mtu mwenye uwezo wa kukiondoa.

Kabla ya yote, pima

Usibadilishe chochote kwenye kikao kabla hujajua muda unapotelea wapi. Chukua daftari la kawaida, ufanye mambo mawili kwa wiki moja.

La kwanza ni hesabu ya ahadi. Asubuhi andika kazi ambayo kila kiongozi wa kikosi amesema ataimaliza leo. Jioni weka alama: imeisha, au haijaisha. Hakuna alama ya "karibu", kwa sababu fundi wa kesho hawezi kupiga plasta kwenye ukuta uliokaribia kuisha. Watafiti wawili wa Marekani, Glenn Ballard na Greg Howell, waliofuatilia jambo hili tangu miaka ya 1990, walikuta kwenye miradi waliyoipima kwamba kati ya kazi zilizopangwa kwa wiki, zilizoisha kama zilivyopangwa zilikuwa nusu na kidogo tu. Ile ilikuwa miradi yenye ofisi, kompyuta na wapanga ratiba wa kulipwa. Kwa hiyo ukikuta nusu, usitaharuki na usimgombeze mtu. Cha thamani kwenye daftari hilo ni safu ya mwisho, unapoandika kwa maneno matatu manne kwa nini kazi haikuisha: "mchanga haukufika", "nondo hazijakaguliwa", "toroli limetoboka tairi".

La pili, zunguka saiti kwa nyakati ambazo watu hawazitegemei, kwa mfano saa tatu kasorobo, saa tano na robo, saa nane. Kila mzunguko hesabu watu kwa mafungu matatu: wanaojenga, wanaobeba au kuandaa, wanaosubiri. Usiandike jina la mtu hata mmoja. Wakijua unaandika majina, kila utakapotokea kila mtu ataokota kitu, na takwimu zako hazitakuwa na maana tena.

Baada ya wiki utakuwa na picha. Sasa twende kwenye dalili.

Dalili: kikao kimekwenda vizuri, lakini kabla ya saa nne watu wanasubiri

Hii ndiyo inayotokea zaidi kuliko zote, na ndiyo inayosingiziwa uvivu. Soma safu yako ya sababu. Mara nyingi utakuta imejaa majina ya vitu, na majina ya watu ni machache sana.

Kazi yoyote ya ujenzi, hata iwe kozi tatu tu (mistari mitatu) za tofali, inataka mambo saba yawepo kwa pamoja: maelekezo au mchoro, vifaa, watu, zana, nafasi ya kufanyia kazi, kazi iliyotangulia iwe imeisha, na mambo ya nje yaruhusu, yaani mvua, kibali, ukaguzi. Mtafiti wa Kifini Lauri Koskela alipiga hesabu ambayo kila fomeni angepaswa kuijua. Hata kama kila kimoja kati ya hivyo saba kina uhakika wa asilimia 95, uwezekano wa vyote kuwepo kwa wakati mmoja ni asilimia 70 hivi. Maana yake, kazi tatu kati ya kumi zitakwama bila mtu yeyote kufanya uzembe. Sasa fikiria saiti ya Mwandiga au Ujiji, ambako maji yanaletwa na boza na mchanga unategemea lori moja lenye oda za watu wengine watano. Hapo uhakika wa asilimia 95 uko mbali sana.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni kwamba swali la vizuizi linaulizwa asubuhi. Ukigundua saa moja na nusu kwamba waya wa kufungia nondo umekwisha, lazima utafute hela, utafute bodaboda, aende kwenye maduka ya Mwanga, mjini, akakute duka limefunguliwa, arudi. Fundi nondo na wasaidizi wake wamekaa. Ukigundua jana yake saa kumi jioni, waya unalala stoo na asubuhi hakuna stori. Kwa hiyo gawa kikao chako. Jioni, kabla watu hawajanawa mikono, simama dakika tano na viongozi wa vikosi tu: kesho unafanya nini, na nini hakipo? Asubuhi ni kuthibitisha kwamba kilichokosekana jana sasa kipo, na kuwaambia watu wote. Mabadiliko haya peke yake yanapunguza kusubiri kuliko hotuba yoyote.

Chanzo kingine ni kwamba mwenye ufunguo hayupo kwenye duara. Miradi ya fosi akaunti inaumia sana hapa. Kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na kila moja ina sababu nzuri ya kuwepo, maana fedha ni za umma. Lakini sementi ikishushwa saa mbili asubuhi na wajumbe wa mapokezi wako shambani, mifuko inakaa chini ya turubai huku mafundi wanaitazama. Fomeni hana mamlaka ya kuigusa. Hapo kikao cha fomeni na mafundi peke yao hakiwezi kutibu kitu, kwa sababu anayezuia hajaalikwa. Omba mjumbe mmoja wa mapokezi ashiriki dakika tano za jioni, hata kwa simu, ajue kesho mzigo gani unakuja na saa ngapi. Na mtunza stoo asikose kwenye kikao kamwe. Nimeona saiti ambako kila mtu anahudhuria isipokuwa yeye, eti yuko bize na stoo. Yeye ndiye anayejua misumari iliyobaki ni kilo ngapi.

Halafu kuna vizuizi ambavyo kikao cha siku hakiviwezi, hata ukiitisha viwili. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati. Treni ilifika hapa mwaka 1914, na kutoka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi. Kifaa ambacho hakipatikani kwenye maduka ya Mwanga kinachukua siku nyingi kufika. Kitu cha namna hiyo kikitajwa mara ya kwanza kwenye kikao cha asubuhi, umeshachelewa. Kila Jumamosi kaa na mafundi wakuu muangalie wiki nne zijazo, mtaje kila kinachotoka mbali: vioo, vifaa vya umeme, mabati ya rangi maalumu, vyoo vya kukalia. Kikao cha asubuhi kibaki na mambo ambayo mtu wa hapahapa anaweza kuyamaliza leo au kesho.

La mwisho katika dalili hii ni tabia ya "anza tu, mchanga unakuja". Inaonekana ni bidii. Fundi anaanza, anapanga, anafika katikati, mchanga haujaja, anahamia ukuta mwingine, anarudi mchana, anakuta mchanganyiko uliobaki umekauka na kona imepinda kwa sababu kamba ilitolewa. Kazi iliyoanzwa bila vitu vyake vyote inakula muda mara mbili, na siku nyingine inabomolewa kabisa. Kikao kiwe na ujasiri wa kusema kazi hii leo haianzi, kikosi hiki kiende kwingine. Kwa sababu hiyo kila kikosi kiwe na kazi ya akiba ambayo vitu vyake vyote vipo: kukata ringi za nguzo zinazofuata, kumwagilia ukuta wa juzi, kupanga tofali karibu na mahali zitakapotumika.

Siku ya kumwaga zege ndiyo inayoonyesha kama kikao chako kina maana. Zege likishaguswa na maji haliwezi kusubiri mtu, na ukiacha bimu katikati kwa kukosa kokoto unabaki na kiungo dhaifu ambacho plasta itakificha lakini haitakitibu. Asubuhi hiyo kikao kizungukie vitu kwa mikono. Mtunza stoo ahesabu mifuko mbele ya watu. Mwenye mikisa aiwashe, na mafuta ya akiba yaonekane kwenye dumu. Vaibreta iwashwe pia, isiaminiwe kwa maneno. Kapenta apite chini ya boksi (mbao zinazoshikilia zege) akigonga mirunda mmoja mmoja. Fundi nondo aonyeshe biskuti, yaani vipande vya zege vinavyoinua nondo zisiguse mbao, ziko chini ya nondo. Maji yawe kwenye mapipa tayari, maana boza lililo njiani huwezi kulichanganyia zege. Na mama lishe ajulishwe kwamba leo chakula kitaliwa kwa zamu. Kimoja kikikosekana, mikisa isipokee hata ndoo moja.

Dalili: wote wanaitikia "sawa", kisha kazi inakwenda kinyume

Anza kwa kusikiliza swali linaloulizwa. Fomeni akisema "Mmeelewa?", jibu ni moja tu duniani: "Ndiyo, bosi." Hakuna kibarua atakayesema mbele ya watu ishirini kwamba hakuelewa. Linganisha na mazungumzo haya, kati ya injinia kijana na mwashi mwenye umri wa baba yake:

"Mzee wangu, leo unaanzia wapi?"

"Kona ya choo, injinia."

"Mpaka jioni utakuwa umefika wapi?"

"Kozi tano, mpaka dirisha la pili."

"Kitu gani kinaweza kukukwamisha?"

"Sioni."

"Ukifika kozi ya tatu utasimama juu ya nini?"

Mzee ananyamaza kidogo. "Hapo kweli. Mirunda yangu kapenta aliichukua jana jioni akaegemezea boksi la lenta."

Kizuizi kilikuwepo, mwenyewe alikuwa anakijua, na "Mmeelewa?" isingekitoa. Kilichokitoa ni swali lenye mahali, kipimo na hatua ya pili ya kazi. Angalia pia kwamba kapenta yupo hapohapo kwenye duara, kwa hiyo suala la mirunda linaisha kabla mtu hajapanda ukutani.

Kama unauliza vizuri na bado kuna ukimya, tafuta hofu. Saiti ambako aliyesema "mchanga umekwisha" aliwahi kujibiwa "na wewe ulikuwa wapi?" haitasikia tena habari ya mchanga mpaka uishe kabisa. Kwa wiki mbili jizuie kuuliza nani alisababisha. Uliza tu nani anaondoa, na lini. Mtu akileta kizuizi mapema, mshukuru kwa jina mbele ya wenzake.

Lugha nayo inachangia kuliko tunavyokubali. Vibarua wengi wa vijiji vya Kigoma wanazungumza Kiha nyumbani na kazini, na Kiswahili cha kiofisi chenye maneno kama "utekelezaji" na "changamoto" kinawapita juu. Sema maneno ya kazi: chepe, karai, kozi, kamba, hapa, pale. Na kama kiongozi wa kikosi anarudia maelekezo kwa Kiha kwa watu wake, mwache afanye hivyo. Ni sehemu ya kikao, wala hakupotezei muda.

Kuna na mpangilio wa kuzungumza. Akianza mkubwa, wadogo wanakubaliana naye. Anza na saidia fundi. Yeye ndiye anayesukuma toroli, na ndiye anayejua kwamba njia ya kutoka kwenye lundo la kokoto imezibwa na mbao tangu jana.

Dalili: kikao kinakula nusu saa na zaidi

Piga hesabu uibandike stoo. Watu 24 wakisimama dakika 10, umetumia saa 4 za kazi, sawa na nusu siku ya mtu mmoja. Ni bei nzuri ikiwa kikao kinaokoa kusubiri. Wakisimama dakika 40 ni saa 16, yaani umewalipa watu wawili kwa siku nzima na hawajagusa tofali.

Kikao kinarefuka kwa sababu watu wanatatua matatizo ndani ya duara. Fundi umeme na mwashi wanabishana mabomba ya waya yapite wapi, na watu ishirini na wawili wanasikiliza. Kazi ya duara ni kutaja tatizo na kulipatia mtu wa kulitatua. Fomeni aseme, "Hilo mbaki ninyi wawili na mimi, wengine tuendelee." Chanzo kingine ni mgeni: diwani amepita, mtendaji ana tangazo, mwenye mradi ana nasaha. Wape heshima yao, lakini wapangie mapumziko ya chai, watu wakiwa wamekaa.

Ukiwa na zaidi ya watu kumi na watano hivi, usiwaweke wote kwenye duara moja. Viongozi wa vikosi wakutane na fomeni, kisha kila mmoja asimame na watu wake pale ukutani wanapokwenda kujenga, waone kona inayozungumzwa.

Dalili: watu wanachelewa, kikao kinaanza nusu yao hawapo

Kabla ya kutangaza faini, angalia jua. Saa ya Kigoma ni ileile ya Dar es Salaam, lakini jua letu linachomoza karibu dakika 40 baada ya lao. Miezi kama Februari na Julai saa moja kamili asubuhi inafika jua likiwa halijachomoza. Mkandarasi anayetoka pwani na ratiba yake ya saa moja kasorobo anawataka watu wa Katubuka na Kibirizi watembee gizani ili wasimame mbele ya ubao ambao hawauoni. Sogeza kikao hadi saa moja na nusu uone mahudhurio. Na kwa kuwa jua linachelewa pia kuzama, mwanga wa jioni unakurudishia muda huo.

Swali la pili: kikao kimo ndani ya saa za malipo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mwisho wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Muda ambao umemwamuru mtu asimame kwenye duara lako ni muda wa kazi. Kama siku inaanza kuhesabiwa baada ya kikao, watu wanakuambia kwa miguu yao kwamba hawafanyi kazi ya bure, na wako sahihi.

Fundi wa kipande ana hoja yake. Yeye halipwi kutwa, analipwa kwa tofali au kwa mita, na kila dakika ya duara anaiona inatoka mfukoni mwake. Huyu usimlazimishe kwa ukali. Mpe nafasi ya kwanza kusema, mwondolee kizuizi chake, mwachie aende. Fundi wa kipande akishaona kwamba siku aliyohudhuria hakusubiri mchanga, atawahi kuliko fomeni.

Dalili: ahadi zote zinatimia, lakini jengo halipandi

Hii huwachanganya watu wengi, kwa sababu daftari ni zuri na ratiba ni mbaya. Hesabu ya ahadi inapima uaminifu wa mpango. Haipimi kiasi cha kazi. Kikosi kikijua kinapimwa kwa ahadi, kinaahidi kidogo: kozi mbili badala ya tano, na saa saba mchana kimemaliza, kinazungukazunguka. Angalia fungu lako la wanaosubiri nyakati za alasiri. Likiwa kubwa huku ahadi ni asilimia mia, umeshapata jibu. Linganisha ahadi na kiasi ambacho kikosi hichohicho kilijenga siku kikiwa na kila kitu, mkubaliane nacho wazi.

Au kazi zinazotimia sizo zinazovuta nyingine. Plasta ya stoo imeisha, uzio umepakwa chokaa, lakini nguzo mbili za upande wa ziwa hazijafungwa nondo, na hizo ndizo zinazozuia lenta, na lenta ndiyo inayozuia paa. Kila asubuhi anza na swali la kazi inayozuia kazi nyingi zaidi, uipe watu bora, ndipo ugawe nyingine.

Dalili: sehemu ya usalama imekuwa mahubiri

"Vaeni kofia, muwe makini." Kila siku maneno yaleyale, hakuna anayesikia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na tangazo la jumla halimlindi mtu. Taja hatari moja ya leo, kwa kidole: shimo lile la choo halina uzio, mrunda ule una ufa, waya ule wa mikisa unapita kwenye maji. Mtaje na atakayeirekebisha kabla kazi ya karibu yake haijaanza. Dakika moja inatosha.

Dalili: mvua ikinyesha mpango mzima unavunjika

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua Kigoma haipaswi kumshangaza mtu. Kikosi kikirudi nyumbani kwa sababu imenyesha saa mbili, kikao cha jana hakikuwa na mpango wa pili. Miezi hiyo kila ahadi itamkwe kwa sehemu mbili: jua likiwaka tunafanya hiki, ikinyesha tunafanya kile chini ya paa. Kukunja ringi, kutengeneza fremu, kupanga stoo, kupiga plasta ya ndani kwenye chumba kilichoezekwa. Mchanga na kokoto zifunikwe jioni, iwe ni kazi yenye jina la mtu. Mchanga uliolowa chepechepe unaongeza maji kwenye zege bila wewe kujua, na mchanganyaji aliyezoea ndoo zake atalifanya zege liwe uji.

Dalili: kikao kilianza kwa moto, wiki ya tatu kimekufa

Fungua ubao au daftari utafute vizuizi vya wiki ya kwanza. Kama "ngazi imevunjika" iliandikwa Jumatatu na bado ipo Jumatatu ya tatu, watu wameshapata jibu kwamba kusema hakusaidii. Hapa ndipo vikao vingi vinafia, na ukali hauvifufui.

Tiba ni mistari mitatu kwa kila kizuizi: ni nini, nani anaondoa, lini. Jina liwe la mtu, lisiwe la "ofisi" wala "kamati". Kila asubuhi anza na vilivyoandikwa jana: kimeondoka, au hakijaondoka na kwa nini. Kisichoweza kuondolewa kwenye saiti kipandishwe siku hiyohiyo kwa mkuu wa mradi au injinia wa halmashauri, na jibu lake lirudi kwenye duara hata kama ni "haiwezekani mwezi huu". Watu wanavumilia hapana. Kinachowachosha ni kutojibiwa. Ukitaka kufufua kikao kilichokufa, chagua kizuizi kimoja kidogo ambacho vibarua wamekilalamikia muda mrefu, kama maji ya kunywa au tairi la toroli, ukiondoe leo, kesho ukitaje kwamba kimeondoka.

Dalili: wanaohudhuria wanapungua kila siku, na kikao hakina kasoro

Uliza kuhusu malipo. Vibarua wasiolipwa Jumamosi mbili wanaanza kutafuta kutwa kwingine, na wanaobaki wanafanya kazi ya mtu ambaye hana hakika. Hakuna mpangilio wa duara unaotibu hilo. Kinachowezekana kwenye kikao ni ukweli: fedha zimekwama hatua gani, tarehe inayotegemewa ni ipi, na kama tarehe hiyo haijulikani, sema haijulikani. Kisha punguza kazi zilizo wazi zilingane na watu ulionao, wamalize nguzo mbili kamili badala ya kugusa sita, na anayetaka kwenda kutafuta kazi kwingine aandikiwe siku zake zote anazodai, zikiwa na saini yako, kabla hajatoka getini.